Hamoki si Koti la Mvua

Nimechoka na neno wotaprufu. Hapa Kenya limekuwa kama chumvi, kila kitu kinanyunyiziwa. Saa ni wotaprufu, begi ni wotaprufu, viatu, vifuniko vya simu, hata wanja wa kina dada. Na sasa kwa vile vijana wa mjini tumegundua raha ya kulala msituni wikendi, neno limefika kwenye hamoki. Ukiingia duka la vifaa vya kambi, jambo la kwanza muuzaji atakuambia, kabla hata hujauliza bei, ni kwamba hii hapa ni wotaprufu, ile pale ya bei nafuu si wotaprufu. Anasema kama daktari anayekupa matokeo mabaya.

Kwa wale wasiojua, hamoki ni kile kitanda cha kitambaa kinachofungwa kati ya miti miwili. Kamusi zitakuambia ni machela, lakini ukimwambia Mkenya kwamba jana ulilala kwenye machela atakuuliza ni hospitali gani. Kwa hivyo nitaandika hamoki, na tafadhali usiichanganye na hamaki, ingawa leo utapata zote mbili.

Hoja yangu naiweka mbele ili tusipotezeane wakati. Ukinunua au kushonesha hamoki ya kulalia usiku, chagua kitambaa kinachopitisha hewa. Mvua iachie turubai. Anayekuuzia hamoki ya nailoni iliyopakwa plastiki eti kwa sababu ya mvua, ama hajawahi kulala humo hadi asubuhi, ama anajua na hajali.

Tuanze na swali la chekechea. Mvua hutoka wapi? Juu. Hamoki iko wazi upande gani? Juu. Sasa kitambaa kisichopitisha maji, kilicho chini ya mgongo wako, kitazuia mvua gani? Ikinyesha na huna kitu juu yako, maji yataingia ndani ya hamoki, na kwa kuwa kitambaa hakivuji, hayatatoka. Umejitengenezea beseni na umelala ndani yake. Mwenzako mwenye hamoki ya nailoni ya kawaida atalowa pia, sikatai, lakini yake itachuruzika na pengine itakuwa imekauka kabla ya chai ya saa nne. Wewe utaamka uipindue na kumwaga, kama mtu anayemaliza kufua.

Na ukiwa na turubai juu? Basi mvua haikufikii, na uwotaprufu wa hamoki hauna kazi. Kwa sisi tunaoandika programu, hili ni kama sharti ambalo matawi yake yote mawili yanarudisha jibu lile lile. Ukiliona kwenye msimbo wa mwenzako unalifuta. Lakini dukani watu wanalilipia.

Hasara ya pesa ningeweza kuinyamazia. Ugomvi wangu mkubwa ni juu ya maji yanayotoka ndani.

Chukua chapati ikitoka kwenye kikaango, iweke kwenye sahani, uifunike kwa sahani nyingine. Ngoja dakika tano. Sahani ya juu itakuwa inatoa machozi na chapati imelegea. Hakuna aliyemwaga maji popote. Ndiyo maana mama zetu hufunika chapati kwa kitambaa, na hawakuhitaji kusoma fizikia kujua hivyo. Au muulize mtu yeyote aliyevaa gambuti kutwa nzima kwenye shamba kavu. Akizivua jioni soksi zinakamulika. Gambuti ilizuia maji vizuri sana, kwenda na kurudi.

Mwili wako unafanya vivyo hivyo ukiwa umelala. Mtu mzima aliyetulia, asiyetokwa na jasho hata tone, hupoteza takriban mililita 400 za maji kwa siku kupitia ngozi peke yake, mbali na yale ya pumzi. Gawanya kwa 3 upate usiku wa masaa 8. Ni kama mililita 130, yaani karibu nusu ya chupa ya soda ya mililita 300. Na hamoki haikubebi kama kitanda. Inakukumbatia. Kingo zake hupanda hadi mabegani, wakati mwingine zinakufunika kama jani la mgomba. Kwa hivyo sehemu kubwa ya maji hayo inaelekea kwenye kile kitambaa ulichoambiwa hakipitishi maji.

Yataenda wapi? Hapa ndipo hesabu inapopendeza. Hewa yoyote yenye mvuke ina kiwango cha joto ambacho ikipozwa chini yake, mvuke hugeuka maji. Ndivyo umande unavyopatikana. Hesabu yenyewe unaweza kuiandika kwa mistari kumi ya Python. Hewa iliyo karibu na mwili wako ndani ya blanketi, tuseme ina nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 50, huanza kutoa maji ikipoa hadi nyuzi 18 hivi. Kama unyevu ni asilimia 40, ni nyuzi 15. Sasa nenda Limuru au Nyahururu usiku wa Julai, ambapo hewa ya nje inaweza kuwa nyuzi 10 au chini ya hapo, na upepo unapita chini ya hamoki bila kuzuiwa na chochote. Kitambaa chenyewe kina joto linalokaribia la nje. Mvuke ukikigusa unageuka maji pale pale, upande wako. Ukiamka saa tisa usiku unahisi mgongo umelowa na unaapa kwamba kitambaa kimevuja. Hakijavuja. Kimefanya kazi yake kikamilifu.

Kitambaa kinachopitisha hewa kinaachia mvuke uende zake kabla haujajikusanya. Hakina muujiza. Usiku wa ukungu mzito nacho kitapata unyevu. Lakini asubuhi kikipigwa na upepo kidogo kinakauka, kwa sababu hakuna ukuta.

Kuna watu watasema, wewe, unyevu kidogo mgongoni haumuui mtu. Jioni moja Diani, sawa, haumuui. Lakini wengi wanaobeba hamoki hizi hawaendi Diani. Wanaenda Nyandarua, wanaenda miteremko ya Mlima Kenya ambako miti bado ipo, wanaenda misitu ya Mau. Maji hupitisha joto kama mara 25 kuliko hewa iliyotulia. Nguo na mfuko wa kulalia hukupasha joto kwa sababu ya hewa iliyonaswa ndani yake. Hewa hiyo ikibadilishwa na maji, umebaki na mzigo tu. Mtu aliyelowa mgongo kwenye nyuzi 6 huanza kutetemeka, halafu hushindwa kufunga vifundo, halafu huanza kufanya maamuzi ya ajabu, na wenzake wamelala. Barabara iko mwendo wa masaa matatu. Hapo ndipo tofauti ya kitambaa inapoacha kuwa mjadala wa wapenda vifaa.

Haya, najua kuna mjuaji ambaye ameshaanza kunijibu: kuna vitambaa vinavyozuia maji na wakati huo huo vinapumua! Naam, vipo. Mwaka 1969 Bob Gore aligundua kwamba plastiki aina ya PTFE, ile ya kwenye kikaango kisichoshika, ukiivuta ghafla inatanuka na kuwa utando wenye vinyweleo vidogo mno. Tone la maji ni kubwa kuliko kinyweleo, chembe ya mvuke ni ndogo kuliko kinyweleo. Baada ya miaka kadhaa koti la mvua la Gore-Tex lilikuwa sokoni. Ni kazi nzuri na sina ubaya nayo, kwenye koti.

Lakini utando huo hauna feni. Mvuke unapita tu ikiwa msukumo wa mvuke ndani ni mkubwa kuliko nje. Mtu anayepanda mlima na koti anatoa joto jingi, na msukumo upo. Aliyelala anatoa joto kidogo sana. Mpeleke huyo aliyelala katika msitu wa Kakamega, unaopata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ambapo usiku hewa ya nje nayo imejaa mvuke, na uone msukumo umebaki kiasi gani. Ongeza kwamba uso wa nje wa kitambaa ukishalowa, njia ya mvuke inazidi kuziba. Zile tarakimu kwenye lebo, gramu 10,000 kwa mita mraba kwa siku na kadhalika, hupimwa maabara, na kuna mbinu kadhaa za kupima zinazotoa majibu tofauti kwa kitambaa kile kile. Ni kama yule rafiki anayekuambia kasi ya mtandao wake bila kusema aliipima saa ngapi. Tena kemikali zilizotumika kwa miaka mingi kwenye vitambaa hivi, zile za jamii ya PFAS zisizooza, zinaondolewa: kampuni ya Gore yenyewe ilianza kutoa utando wa polietilini mwaka 2022, na California ilipiga marufuku nguo mpya zenye kemikali hizo kuanzia 2025, ikiacha vifaa vichache. Kwa bei ya kitambaa cha namna hiyo unapata hamoki mbili za kawaida, turubai, na nauli ya kwenda na kurudi.

Mwaka 1978 Doug McIlroy wa Bell Labs alieleza falsafa ya Unix: kila programu ifanye jambo moja na ilifanye vizuri. Ukitaka kazi kubwa, unganisha programu ndogo. Kila mtu aliyewahi kurithi programu moja kubwa inayofanya kila kitu, na ambayo ukigusa tarehe inavunjika malipo, anajua kwa nini mzee alisema hivyo. Hamoki ibebe. Turubai lizuie mvua. Neti izuie mbu. Kilicho chini yako kizuie baridi. Kimoja kikichanika unabadilisha hicho kimoja.

Na kabla hujasema haya ni mawazo ya watu wa tarakilishi, angalia historia. Columbus alipofika visiwa vya Karibi mwaka 1492 alikuta watu wakilala kwenye nyavu za pamba. Lugha ya Wataino ndiyo iliyotupa jina hili, kupitia Kihispania. Wavu! Kitu kilicho wazi kuliko chochote, katika nchi za mvua kubwa. Mvua waliiachia paa la nyumba. Mabaharia wa Uingereza walilala kwenye hamoki za turubai la kitani kwa karne kadhaa, na paa lao lilikuwa sitaha ya meli. Askari wa Marekani katika misitu ya Pasifiki wakati wa Vita vya Pili vya Dunia walipewa hamoki yenye paa la kuzuia mvua juu na neti pembeni. Askari wa Vietnam ya Kaskazini walioteremka njia ya Truong Son walibeba vitu viwili tofauti, hamoki na kipande cha nailoni cha kutandaza juu yake. Watu hawa wote, kutoka pande zote za dunia, waliweka kinga ya mvua mahali mvua inapotoka. Muuzaji wetu wa hapa mjini ndiye amegundua kwamba inafaa kuwekwa chini.

Sasa niwe mwadilifu, kwa sababu upande wa pili una hoja mbili zenye uzito.

Ya kwanza ni mbu, na hii siidharau. Kitambaa chembamba kinachopitisha hewa, kikivutwa na uzito wako na kubana ngozi, mbu anaweza kukuuma kupitia hicho akiwa upande wa chini. Katika Kakamega, kandokando ya Ziwa Victoria, na Pwani, huko ni kucheza na malaria. Kitambaa kilichopakwa plastiki ni vigumu kukipenya. Lakini dawa yake ipo bila kujifungia kwenye plastiki. Tumia tabaka mbili za kitambaa, au neti inayozunguka hamoki yote hadi chini badala ya ile inayofunika juu tu, au blanketi lililoning'inizwa chini, ambalo nitalieleza hivi punde. Neti iliyotiwa dawa ni bora zaidi. Wanaouza hamoki zenye neti ya juu pekee na kitambaa chembamba chini, hao nao nina neno nao, ila siku nyingine.

Ya pili ni upepo na manyunyu yanayorushwa kutoka pembeni. Ni kweli turubai dogo lililofungwa juu sana litakuacha ulowe ubavu. Basi funga turubai kubwa, na ulishushe. Hamoki ikiwa na urefu wa mita 3, turubai lizidi hapo kwa angalau sentimita 15 kila upande, na likiwa na upana wa kushusha pembe chini siku ya upepo, manyunyu hayakufikii. Maji yanayotiririka kwenye kamba kutoka mtini yanazuiwa na kipande cha uzi kilichofungwa kwenye kamba hiyo kabla haijafika hamoki. Maji yanafuata uzi na kudondoka. Bei yake ni sufuri. Hata ngozi ya plastiki chini ya hamoki ina mahali pake, ikiwa imening'inia mbali na mwili ikiacha nafasi ya hewa kupita. Ninachopinga ni ile inayokugusa.

Kuhusu baridi nitasema waziwazi, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Kitambaa cha wotaprufu hakina joto. Watu wanadhani kwa kuwa hakipitishi upepo basi kitawapasha. Baridi ya hamoki hutoka chini: mfuko wako wa kulalia umekandamizwa na uzito wako, hewa yake imetoka, na upepo unakomba joto mgongoni. Sponji ya kulalia inasaidia, ingawa nayo haipitishi mvuke na mgongo utapata unyevu. Bora zaidi ni blanketi au kilt ya poliesta inayoning'inia nje, chini ya hamoki, isiyokandamizwa. Fundi yeyote wa nguo anaweza kukunja kingo mbili ndefu za kilt ya zamani, apitishe kamba, na umemaliza. Mvuke unapita kwenye hamoki, unapita kwenye kilt, unaondoka.

Na mafundi ndio ninaotaka muwaendee. Gikomba na Eastleigh kuna nailoni ya kila aina, ikiwemo ile yenye mistari ya miraba midogo inayozuia mpasuko kusambaa. Unahitaji kipande cha mita 3 hivi kwa mita 1.5, pindo mbili na kamba. Ukikiona kitambaa, kiweke mdomoni upulize. Pumzi ikipita kwa shida kidogo, hicho ndicho. Isipopita kabisa na upande mmoja unang'aa au unanata kidogo, kimepakwa, kirudishe. Usidanganyike na mtihani wa muuzaji wa kudondosha maji yakaviringika kama lulu. Hiyo ni dawa ya juu tu, inaisha kwa kufuliwa, na haithibitishi lolote. (Ukimaliza kushona, funga kamba kwa pembe ya nyuzi 30 hivi kutoka mlalo. Hapo kila upande unabeba uzito sawa na wako. Ukiivuta hadi nyuzi 10 ili ionekane nadhifu kwenye picha, kila upande unabeba karibu mara tatu. Fundi asilaumiwe.)

Pesa zilizobaki ziweke kwenye turubai. Hapo ndipo neno wotaprufu lina maana, na lina kipimo: urefu wa mhimili wa maji ambao kitambaa kinaustahimili kabla ya kuvuja. Milimita 1,500 ni kiwango cha kawaida cha kuanzia kwa mahema. Poliesta ni nzuri kuliko nailoni kwa turubai, kwa kuwa nailoni ikilowa hunywa maji na kulegea, nawe utaamka usiku kukaza kamba. Lililopakwa poliurethani usilikunje likiwa bichi ukalitupa stoo, mipako yake itaoza, itanata na kunuka. Kama huna pesa, lile turubai la buluu la plastiki linalofunika mahindi sokoni ni zito na lina kelele, lakini mvua haipiti.

Simu ikiandikwa IP67 najua imewekwa kwenye maji ya mita moja kwa dakika 30. Kuna namba, kuna mtu wa kuulizwa. Kwa hiyo ukienda dukani muulize muuzaji mambo mawili kuhusu ile hamoki: inastahimili milimita ngapi, na mvuke wangu utatokea wapi? La kwanza pengine atasoma kwenye lebo. La pili mpe muda.